Maswali ya Wasomaji: Siku Tano Dubai

SWALI: Ndugu Mhariri, toleo lililopita ulidokeza kuwa ulikwenda Dubai kwa ziara fupi ya mafunzo. Mbali na maghorofa, ulivutiwa na nini, na mji ule wa jangwani hupata wapi maji? (Mwanafunzi wa mipango miji, Morogoro)

JIBU: Burj Khalifa, yenye urefu wa mita 828, niliitazama hadi shingo ikaniuma, basi. Kilichonishika ni nyumba za kale za Al Fahidi, kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mjini, ambako niliinua macho darini nikaona boriti za mikoko, za aina ile ile iliyosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani yetu, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba, kama ilivyo katika majumba ya mawe ya Unguja. Nilipokaa chini ya mnara wa upepo, unaonasa upepo juu na kuushusha chumbani, jasho lilianza kukauka, ingawa nje hapakanyagiki.

Maji hutoka baharini na kuondolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali, kazi inayokula nishati nyingi mno, hata zile bustani za kijani kando ya barabara sikuweza kuzifurahia sana. Ukienda, vuka hori kwa abra, mashua ndogo ya abiria. Nauli ni dirhamu moja.