Barua kwa mwanangu: saa, mashine na nesi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Ulisema saa yako ya mkononi imekuonyesha presha 121 kwa 79, mashine uliyonunua Kariakoo ikatoa 158 kwa 96, na nesi wa zahanati ya jirani na kazini kwako akakuandikia 146 kwa 92, yote hayo katika siku moja. Ukamalizia kwa swali: "Mama, hapo nimwamini nani? Au hii mashine ni mbovu, nitafute nyingine?"

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama" kabla sijafika katikati. Hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Nianze na saa, maana haina maneno mengi. Upande wake unaogusa ngozi una taa ya kijani. Taa inamulika, damu inaunyonya ule mwanga, na kila moyo unapopiga damu ya pale huongezeka kidogo na mwanga unaorudi hupungua. Kwa njia hiyo saa inahesabu mapigo, na ukiwa umetulia inayahesabu vizuri. Lakini presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na saa hiyo haikubani popote. Inakisia. Ile uliyomletea baba yako Idi iliyopita niliifunga kwenye ndizi mbivu, ikanipa mapigo 74. Ndizi haina moyo, mwanangu. Ya kwako itumie kuhesabu hatua na kukuamsha alfajiri, ila habari ya presha usiipokee kutoka kwake.

Mashine na nesi ni jambo jingine, na wala hawagombani kama unavyodhani. Mimi nimefanya uuguzi miaka 34, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tulipima kwa mashine ya zebaki, ile ya sanduku lenye kioo kirefu. Unafunga mkanda, unajaza upepo, unauachia polepole huku umeweka stetoskopu kwa ndani ya kiwiko. Kwanza kimya. Halafu tok, tok, tok, hapo unasoma ya juu. Sauti zikipotea unasoma ya chini. Daktari wa Kirusi aitwaye Korotkoff ndiye aliyezieleza sauti hizo mwaka 1905, na chuoni tulilikariri jina lake kama dua. Mashine za zebaki sasa zinaondolewa duniani kwa mkataba wenye jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani, wakapooza na kufa. Hii yako ya betri haisikilizi sauti. Inahisi mtikisiko wa mshipa chini ya mkanda, kisha inapiga hesabu. Ni njia nzuri. Mara nyingi wanaoiharibu ni sisi wenye mikono.

Nilikuuliza ulipima vipi, ukanijibu: nilifika Kimara saa mbili usiku, nimetoka kwenye dakika tisini za foleni, nikapanda ngazi, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikafunga mkanda juu ya shati. Na mke wako alikuwa anakuuliza habari ya ada ya watoto, nawe unamjibu. Hapo hakuna presha ya mtu ambayo isingepanda.

Fanya hivi. Asubuhi, baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai na kabla ya kugusa simu, kaa kwenye kiti chenye mgongo. Egemea. Miguu yote miwili iguse chini, usiikunje nne. Mkono uwe mtupu, juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Ukiuning'iniza mkono kipimo kinapanda bila wewe kuwa na ugonjwa wowote. Tulia dakika 5. Usiongee, hata mtoto akiita. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika vyote viwili. Jioni vilevile. Kama umekunywa kahawa au umetembea kwa haraka, ngoja nusu saa kwanza. Fanya siku 7. Namba za siku ya kwanza ziache, kwa kuwa siku hiyo mtu huwa na wasiwasi na mashine, zinazobaki tafuta wastani wake.

Halafu mkanda wenyewe. Mkono wako ni mnene kama wa wajomba zako, na mkanda ukiwa mdogo kwa mkono, namba hupanda za uongo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani upime mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa na mashine hizo ni ya sentimita 22 hadi 32, na imeandikwa kwa ndani. Ukizidi hapo, kanunue mkanda mkubwa. Mashine utakuwa nayo ileile.

Sasa jibu la swali lako. Kati ya hao watatu, kwa siku ile namwamini zaidi nesi, kwa sababu ulikaa kwenye benchi lake nusu saa ukisubiri zamu, na miguu ilipumzika. Lakini hata 146 kwa 92 yake ni kipimo kimoja. Hospitalini tunaanza kusema mtu ana presha akirudia kufika 140 kwa 90 katika siku tofauti. Nyumbani, kwa kuwa mtu ametulia zaidi, mstari uko chini kidogo: 135 kwa 85. Wastani wako wa wiki ukifika hapo, au hata namba moja kati ya mbili ikafika hapo, nenda kwa daktari na daftari mkononi. Ukiwa chini ya hapo, shukuru Mungu na urudie baada ya miezi michache.

Ila usitafute mashine ya tatu itakayokupa namba unayoipenda. Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2011 baba yako alinipitia kazini kuchukua funguo za nyumba. Nikamwambia kaa nikupime. Ikatoka 172 kwa 104. Akasema amekuja na baiskeli, amepanda kilima, tena mashine yetu ni kuukuu. Nami nikamkubalia. Nje kulikuwa na foleni ya kina mama wajawazito, nikampa funguo akaenda zake. Hakuwa anaumwa kichwa, hakuwa na kizunguzungu, alikuwa anabeba gunia la mahindi peke yake. Presha haina desturi ya kubisha hodi, na hilo mimi nililijua kuliko mtu yeyote katika nyumba yetu. Nilikuwa nimelifundisha kwenye vijiji vyote vya tarafa. Baada ya miaka mitatu, asubuhi moja, kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kulia, na alipotaka kusema neno midomo ikaenda upande. Wewe ulikuwa chuoni Dodoma, ulikuja na basi la usiku. Unakumbuka.

Nimepima maelfu ya watu, na ndani ya nyumba yangu sikurudia kipimo kimoja. Nilichotakiwa kufanya ni kumwambia, haya, baiskeli imekuchosha, kaa hapo kwenye benchi nusu saa nikupime tena. Nusu saa tu.

Ndiyo maana ulipokuja Idi, nilipokaa mbele kwenye IST yako na kuona kile kipande cha selotepu nyeusi kwenye dashibodi, moyo ulinishtuka. Ulinieleza vizuri: taa ya cheki injini iliwaka, fundi akachomeka kompyuta yake, akaifuta, baada ya siku tatu ikarudi, akafuta tena, ikarudi, na usiku ilikuwa inakuumiza macho, ukaamua kuiziba. Gari linatembea, ulisema. Ni kweli linatembea. Lakini kompyuta ya gari iliandika namba ya kosa, na kufuta namba hakujatengeneza kilichoharibika. Mpe fundi aisome ile namba akwambie ni kihisio, ni plagi au ni nini, hata kama hela ya kutengeneza utaipata mwezi ujao. Kwa selotepu ile, kikiharibika kitu cha pili hutajua, kwa sababu taa ni hiyohiyo moja.

Kero naielewa, mwanangu. Siku hizi kila kitu kinalia. Mita ya umeme ya luku inalia yuniti zikikaribia kwisha, friji linalia mlango usipofungwa, mkanda wa gari unalia, na yule mwanamke wa Kijapani wa kwenye gari lako, sauti ya mashine tu, anakuuliza kila asubuhi kadi ya kulipia barabara za kwao, barabara ambazo hutazipita. Katika ujumbe wako nilimsikia nyuma, anaongea, na wewe unaendelea kama hayupo. Huyo kumpuuza ni sawa. Shida ni kwamba sikio likishazoea kupuuza halichagui tena. Hata mashine ya presha hapa nyumbani ilikaa siku nne bila betri, mjukuu wangu alizichomoa akazitia kwenye rimoti ya televisheni, na hakuna aliyegundua mpaka nilipoihitaji. Sasa nimeiweka juu ya kabati na betri za akiba.

Chumvi nitaisema kwa kifupi kwa kuwa unajua ninachotaka kusema. Kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo kwenye mkate, kwenye chipsi za jioni na kwenye vile viungo vya kipande mnavyovunjia mchuzini. Mezani kikopo kiondolewe. Nimeshaongea na mkwe wangu, amekubali.

Na kama daktari atakupa dawa, usije ukafanya kama wengi niliowaona: anameza mwezi mmoja, anapima anapata 128, anasema amepona, anaacha. Ile 128 imeletwa na dawa. Ukitaka kupunguza au kubadili, rudi kwa aliyekuandikia.

Kuna hali moja tu ambayo daftari na siku 7 haviihusu. Ukipata 180 kwa 120 au zaidi, na kifua kinabana, au pumzi inakata, au upande mmoja wa mwili unalegea, au maneno hayatoki sawasawa, nenda hospitali saa ileile. Na usiendeshe mwenyewe. Amsha jirani.

Baba yako anakusalimu sana. Yeye ana daftari lake tangu alipotoka hospitalini, anaandika kwa mkono wa kushoto, na tarakimu zake siku hizi zinasomeka kuliko zangu. Leo ameandika 132 kwa 80. Nilipomsomea swali lako alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimletee kalamu na daftari jipya tulilonunua la kurasa chache, akachora mistari ya siku saba, asubuhi na jioni, akaandika jina lako juu. Ninalituma kesho kwa basi la saa moja, kondakta ni yule tunayemjua, lipokee stendi pamoja na machungwa ya Muheza.

Anza Jumatatu. Jumapili jioni nitumie picha ya ukurasa mzima, na zile namba mbaya usizifute.

Mama yako,
Korogwe