Mama aliambiwa yuko safi mara tatu

Ramadhani ya mwaka juzi nilimkuta mama jikoni saa saba mchana, amekalia mbuzi ya kukunia nazi, anakula kiporo cha wali. Ana miaka 69. Hana sukari, hana presha, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akiacha funga. Aliponiona akafunika sufuria haraka. "Mwanangu, niko kwenye siku zangu," akasema, huku akitazama chini.

Siku zake! Alikoma hedhi miaka kumi na minane iliyopita. Kumbe kwa miezi minne alikuwa akichana kanga kuukuu vipande vipande, akivifua usiku tukiwa tumelala. Alikwisha kwenda kwa jirani yetu anayefundisha madrasa kumuuliza kama ile ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, aswali au asiswali. Kwa daktari hakwenda. Damu haikuwa inamuuma, sasa aende kusema nini?

Naandika haya kwa sababu tulipoteza miezi mingine mitano baada ya hapo, na safari hii hatukuwa tumekaa nyumbani. Tulikuwa tunazunguka vipimoni.

Zahanati walipima mkojo, wakasema UTI, wakampa dawa. Damu ikapungua wiki moja, ikarudi. Wakasema UTI tena. (Siku hizi ukiumwa goti unaweza kuambiwa una UTI.) Tukaenda kituo cha afya, nesi mmoja mpole sana akampima mlango wa kizazi kwa kumpaka siki. "Bibi uko safi." Tulinunua samaki siku hiyo, tukala kwa furaha.

Hapo ndipo kosa letu la kwanza. Siki inaangalia shingo ya kizazi tu, ule mlango. Haisemi lolote kuhusu chumba kilichoko ndani. Tena kwa mwanamke aliyekoma hedhi, hata ile sehemu ya mlango inayotakiwa kuonekana mara nyingi huwa imeshajivuta ndani. Jibu lilikuwa la kweli, ila kwa swali ambalo sisi hatukuwa tumeuliza.

Safi ya pili ilitoka kwenye altrasaundi. Walimpima kwa ile ya kuingiza ukeni, ambayo ndiyo inayoona vizuri, wakaandika kwamba utando wa ndani ya kizazi una milimita 4, na kuna uvimbe mdogo wa zamani. Kwa mwanamke aliyekoma, milimita 4 au chini yake kwa kawaida ni habari njema, kwa sababu saratani ya ndani ya kizazi iliyo ya kawaida hunenepesha utando huo. Inawapata zaidi wanawake wanene, wenye homoni ya estrojeni nyingi mwilini. Mama yangu ni mwembamba kama ufito, na nadhani wembamba wake ulimtuliza kila aliyemtazama.

Lakini kuna aina nyingine, adimu, ambazo hazifuati njia hiyo. Kuna iitwayo serasi, kuna seli angavu, kuna kasinosakoma. Hizi hupenda wanawake wa umri wa mama, na serasi inaweza kuota kwenye utando uliokwisha kusinyaa, mwembamba kabisa. Serasi peke yake ni kama moja tu kati ya saratani kumi za utando wa kizazi, lakini kwenye vifo sehemu yake ni kubwa mno. Marekani wameona pia kwamba kwa wanawake weusi kipimo cha unene wa utando huwakosa wagonjwa wengi zaidi, kwa sababu wana vimbe nyingi zinazoziba picha na kwa sababu aina hizi adimu huwapata zaidi. Kwa hiyo damu ikirudi, milimita ziwekwe pembeni, nyama ichukuliwe.

Ikachukuliwa. Bingwa wa magonjwa ya wanawake aliingiza mrija mwembamba, mama akang'ata kanga, dakika mbili tatu ikawa imekwisha. Baada ya wiki tatu majibu yakaja: "Sampuli haitoshi." Mhudumu wa mapokezi akatuambia hakuna tatizo lililoonekana. Safi ya tatu hiyo.

Nisikilize hapa. Sampuli haitoshi maana yake hakuna kilichosomwa. Mtu hajapimwa. Nilirudi na ile karatasi kwa bingwa mwenyewe, nikakaa mlangoni mpaka akaniona, na yeye wala hakubisha. Akampangia mama kipimo cha kamera ndani ya kizazi, wamchome usingizi, waone wanapokwangua. Kulikuwa na kijinyama kimeota pembeni, na ndani ya kijinyama hicho ndiko saratani ilikokuwa imejificha. Maabara walipaka rangi maalumu kuangalia protini iitwayo p53, ndipo wakaandika serasi.

Kabla ya upasuaji alipigwa picha ya CT ya kifua na tumbo, maana aina hii hutoka nje ya kizazi mapema hata saratani yenyewe ikiwa bado ndogo. Ndiyo sababu hawakutoa kizazi peke yake: walitoa mirija, ovari, tezi kadhaa za limfu, na sehemu ya utando wa mafuta unaofunika matumbo. Kisha kemo mizunguko sita. Nywele zimerudi, zimekuja na mvi za kupendeza.

Sasa kuhusu vimbe, kwa sababu kila nyumba ina mwenye uvimbe. Uvimbe wa kawaida wa kizazi hulishwa na homoni, kwa hiyo mwanamke akikoma hedhi hutakiwa kusinyaa. Ukikua baada ya hapo, usikubali "tuuangalie tu". Huenda ni uvimbe bado, lakini sakoma, yaani saratani, ya misuli ya kizazi inafanana nao sana kwenye picha, na ule mrija mwembamba unaweza kuikosa kwa sababu iko ndani ya nyama ya ukuta. Mara nyingi hujulikana baada ya kizazi kutolewa na kusomwa. Uliza pia kama kitatolewa kizima. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya mashine zinazokatakata vimbe ndani ya tumbo, kwa kuwa sakoma iliyojificha inaweza kusambazwa.

Na aliyewahi kutumia tamoksifeni kwa saratani ya titi aitaje dawa hiyo kwa kila daktari atakayemwona kwa ajili ya damu, maana inaweza kuongeza hatari ya saratani ya kizazi. Asisubiri kuulizwa.

Si kila damu ni kansa. Kati ya wanawake kumi wanaoona damu baada ya kukoma, karibu tisa hukutwa na jambo dogo. Ila hakuna anayejua yuko upande upi mpaka nyama isomwe. Majibu yakija, omba nakala, na ujue kwamba vioo vilivyopakwa nyama hiyo na kipande kilichohifadhiwa kwenye nta vinaweza kupelekwa maabara nyingine visomwe upya. Sisi tulifanya hivyo.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi yangu aliyeko Pangani. Sikumuuliza anaumwa nini, maana wazee wa kwetu hawaumwi. Nilimuuliza, "Shangazi, mara ya mwisho kuona damu ilikuwa lini?"

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Subiri nitoke nje, wajukuu wako hapa."