Pai: 22/7, namba ya simu na maswali mengine

Kama tarakimu za pai haziishi, pai yenyewe ina ukubwa gani?

Pai (π), yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, haifiki hata 3.15. Wingi wa tarakimu si ukubwa wa namba.

Shuleni tulifundishwa pai ni 22/7. Mbona mnasema haiandikiki kama sehemu?

Hili tena! 22/7 ni makadirio. Chukua kalamu ugawanye: 22 kwa 7 ni 3, baki 1. Endelea na desimali, baki zinakuja 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 ileile ya mwanzo. Ukigawanya kwa 7 huna baki nyingine zaidi ya hizo sita na sifuri, kwa hiyo lazima uzunguke: 3.142857142857... Sehemu yoyote, hata asili yake (namba ya chini) iwe na tarakimu mia, ama itaisha ama itajirudia. Pai haiishi wala haijirudii. Mwanahisabati Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba si sehemu. Na muache kusema "haiishi" mkaishia hapo. Hata 1/3 haiishi.

Nimepima mzingo na kipenyo kwa futi kamba, nikagawanya, nikapata sehemu. Lambert alikosea?

Hapana. Futi kamba haijui kutoa kitu kingine: kila kipimo chake ni makadirio yenye tarakimu chache.

Nitumie 22/7 au 3.14?

Ya kwanza inazidi kidogo, ya pili inapungua. Kipenyo kikiwa mita 10, 22/7 inakuongezea mzingo kwa milimita 12.6, na 3.14 inakupunguzia milimita 15.9. Kuzichanganya katika hesabu moja ndiko kunakoharibu, pamoja na kukadiria kila hatua. Bonyeza π kwenye kikokotoo, kadiria mwishoni. Ukilazimika kutumia sehemu, ipo 355/113, sahihi hadi desimali ya sita. Na tafadhali, ukianza na 3.14 usituletee jibu la desimali nane. Za kuaminika ni tarakimu tatu za mwanzo.

Kikokotoo kinaonyesha 3.141592654. Nikariri hizo?

Ile 4 ya mwisho imekadiriwa. Tarakimu halisi zinaendelea...65358. Jaribu π kutoa 3.141592654. Ukipata takriban −4.1 × 10⁻¹⁰ badala ya sifuri, ujue kikokotoo kimehifadhi tarakimu zaidi ya zinazoonekana.

Ni kweli namba yangu ya simu imo ndani ya pai?

Huenda, ila hakuna aliyethibitisha kwamba kila mfuatano umo. Kutojirudia pekee hakutoshi: 0.101001000100001... haijirudii, na 2 hutaikuta humo kamwe. Zile 9 sita zinazofuatana kuanzia desimali ya 762 nazo si ujumbe wa mtu yeyote.

Nimekokotoa desimali 200 kwa mkono. Nitajuaje kama ni sahihi?

Rudia kwa fomula nyingine, si ileile. Mwanahisabati Mwingereza William Shanks alitoa desimali 707 mwaka 1873. Alikosea kwenye ya 528, zote zilizofuata zikaharibika, na kosa halikuonekana hadi miaka ya 1940.