Kabla Hujafungua Kitabu cha Tatu

Wapenzi wa riwaya za fantasia tunajuana. Viwili vya kwanza tunavimaliza kwa kukesha, cha tatu tunakiogopa. Trilojia nyingi, yaani hadithi za vitabu vitatu, zinafia hapo: mwandishi anaongeza majeshi, anaongeza mazimwi, vita vinameza nusu ya kitabu, halafu mtu anavishwa taji na basi. Unabaki umeshiba makelele tu.

Mimi kipimo changu ni The Stone Sky cha N. K. Jemisin, Mmarekani, kilichotoka 2017 na kuifunga trilojia ya Broken Earth. Vitabu vyote vitatu vilishinda Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa riwaya bora, 2016, 2017 na 2018, na hakuna mwandishi aliyewahi kuichukua mara tatu mfululizo kabla yake. Tuzo peke yake hainitishi, viko vya tuzo vilivyonishinda katikati. Hiki nilikimaliza, nikatamani mtu wa kuzungumza naye usiku ule ule.

Ushauri wangu: kabla ya kuanza cha tatu, rudia sura za mwanzo za cha kwanza. Pale ndipo mwandishi alipokopa. Katika kitabu hicho, The Fifth Season, mama aitwaye Essun anarudi nyumbani na kukuta mwanawe mdogo ameuawa na baba yake mzazi, kisa amerithi uwezo wa mama wa kutuliza na kutikisa ardhi. Mume ametoroka na binti yao, Nassun. Wakati huo huo bara zima linapasuka. Lakini msomaji habebi swali la bara, anabeba la mama: atampata binti yake? Na akimpata, wataangaliana kwa macho gani?

Kitabu cha tatu kinalipa deni hilo hilo, si jingine. Mwezi wa angani, uliopotea kwa maelfu ya miaka, unakaribia. Essun anataka kuurudisha kwenye njia yake ili ardhi itulie. Nassun, mtoto wa miaka kama kumi aliyekwishaona ukatili wa kutosha, anataka kuuangusha yaishe. Mama na binti, uwezo ule ule, na wewe unawapenda wote wawili. Jeshi gani litakusaidia hapo?

Halafu angalia gharama. Essun akitumia nguvu zake, kiungo kingine cha mwili kinageuka jiwe. Kitabu kinaanza mkono mmoja umeshakwenda. Basi kila hatari inapotokea njiani unajikuta unahesabu naye: hapa atumie, au avumilie? Mwisho unauma kwa sababu umeiona akiba ikipungua ukurasa kwa ukurasa. Shujaa anayezuka na nguvu mpya dakika ya mwisho, bila kulipa chochote, anakudhulumu. Lalamika, una haki.

Usiruke pia sura zinazokukatiza utamu. Humu hadithi inaachwa mara kwa mara ili tupelekwe Syl Anagist, mji wa kale uliostawi juu ya mateso ya watu. Nakiri zilinitia hasira, nilitaka kujua Nassun amefika wapi. Lakini humo ndimo chuki ya ardhi kwa binadamu inapoelezwa, na bila kuijua chuki hiyo uamuzi wa mwisho unakuwa mchezo wa kutupa shilingi. Tena sura za Essun, tangu kitabu cha kwanza, zinamwita “wewe”. Sababu kamili inakuja mwishoni kabisa. Siisemi.

Ukiweza, nunua vyote vitatu kwa pamoja, usiache mwaka upite katikati. Aliyefiwa na mtoto ajue mapema kwamba kifo cha yule mdogo hakifichwi, kiko kurasa za mwanzo.

Na maneno ya kubuni ni mengi. Nyuma ya kitabu kuna faharasa inayoyaeleza, itumie hiyo. Ukiyatafuta mtandaoni, utakutana na mtu anayekusimulia mwisho wote kabla hujamaliza sura ya pili.