Kiti kimoja, tiketi tatu

SWALI: Jambo Yaya. Niko hapa Lubumbashi, Katuba, natengeneza kwa Laravel (zana za PHP za kujengea saiti) ka-saiti ka kukata tiketi za bisi za Likasi na Kolwezi. Mteja anachagua siku, anachagua kiti, anaandika jina na namba ya simu, anafinya "Kata", sasa rezo (mtandao) ikizubaa anafinya tena na tena. Juzi mama mmoja kapata kiti 14 mara tatu, mwenye bisi akanigombeza mbele ya abiria wote. Niliweka JavaScript ya kuzima butoni akishafinya lakini bado. Tena mtu akirifreshi, brauza inamuuliza kama anataka kutuma fomu upya. Nifanye nini?

JIBU: Mudogo, pole na huyo mwenye bisi. Butoni yako haina kosa, ila umeipa kazi ya mlinzi na haiwezi, kwani JavaScript inaishi kwa simu ya mteja, akirifreshi tu butoni inaamka tena kama hakuna kilichotokea.

Hiyo ya kuulizwa kutuma upya ni rahisi. Najua unachofanya: ukishapokea POST (ombi linaloleta data ya fomu kwa seva) unaonyesha tiketi palepale. Usifanye hivyo, hifadhi kisha umpeleke mteja kwa ukurasa wa tiketi yake kwa redirect (jibu linaloiambia brauza iende anwani nyingine). Laravel inatuma namba 302 ya kuelekeza, na brauza ikishapewa hiyo baada ya POST inaenda kule kwa GET, ombi la kusoma tu (namba 303 njo iliwekwa hasa kwa kazi hii, lakini 302 itakutosha). Akirifreshi mara mia, anasoma tu.

Lakini mama wa kiti 14 hiyo haimsaidii. POST zake tatu zilitoka kabla jibu la kwanza halijafika, na mara nyingi rezo ikikatika ombi lilishafika zamani kwa seva, ni jibu njo lilipotea njiani. Hapo mlinzi ni databezi. Weka kwa migration (faili ya kubadilisha muundo wa databezi) `$table->unique(['safari_id', 'kiti'])`, ili kiti kimoja kisiandikwe mara mbili kwa safari moja, na ujue itakataa kwanza mpaka ufute zile mistari mbili za ziada za huyo mama. Usiseme "si ninauliza kwanza kama kiti iko wazi kisha ninaandika", maombi mawili yanaweza kuuliza dakika ileile, yote yakajibiwa ndiyo, yote yakaandika.

Sasa mteja asione kosa jekundu wakati tiketi yake iko salama, ataogopa na atafinya tena. Ukionyesha fomu, tengeneza `Str::uuid()` (alama ndefu isiyojirudia, njo tokeni yetu), iweke ndani kwa input iliyofichwa, na uihifadhi pamoja na tiketi kwa safu yake yenye unique nayo. Mifinyo mitatu italeta tokeni moja: wa kwanza unaandika, wa pili na wa tatu databezi inawakataa, wewe unatafuta tiketi yenye ile tokeni na unampeleka kwayo kama kawaida. Na `@csrf` (kinga ya Laravel dhidi ya fomu zinazotumwa kutoka saiti nyingine) usiitegemee kwa hii, tokeni yake inabaki ileile muda wa sesheni (kumbukumbu ya seva kuhusu ziara ya mteja), haitumiki mara moja ikaisha.

Bei lakini usiifiche kwa fomu! Nimeona vijana wengi wanafanya hiyo, mtu anafungua zana za brauza, anabadilisha 10 inakuwa 1, na programu yako inakubali. Tokeni akiichezea anajisumbua mwenyewe, bei akiichezea wewe njo unalipa. Bei isomwe kwa databezi, na siku na kiti alizochagua zikae kwa sesheni: mtu akiruka moja kwa moja kwa ukurasa wa jina bila kiti, kontrola (sehemu ya programu inayopokea maombi) imrudishe kuchagua kiti.

Kujaribu, weka `sleep(5)` kwa kontrola kabla ya kuandika, finya mara tatu haraka, halafu hesabu mistari kwa databezi. Ukikuta zaidi ya moja nitumie hiyo kontrola niitazame.