Ergometrini si sindano ya kuharakisha uchungu

SWALI: Daktari, mwaka juzi mke wangu alitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Zahanati walimchoma oksitosini kuzuia damu, wakakataa kumpa ergometrini kwa sababu presha ilikuwa juu. Sasa ana mimba ya miezi saba. Mwenye duka la dawa ananishauri niweke ergometrini nyumbani, achomwe uchungu ukichelewa. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Waliomkatalia walifanya sawasawa: ergometrini hubana mishipa ya damu, na mama mwenye presha inaweza kumpandishia hadi apate kiharusi.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hilo la “uchungu ukichelewa”. Nalisikia kila mara, na linaua. Uchungu wa kawaida huja na kuachia, na ni pale unapoachia ndipo mtoto hupata hewa kupitia damu ya mama. Ergometrini haiachii. Mfuko wa uzazi hukaza kama ngumi iliyofumbwa. Mtoto akiwa bado ndani hukosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Hata pacha mmoja akishazaliwa, hatuigusi mpaka wa pili atoke. Watoto wakishatoka wote, kukaza kulekule ndiko kunakofunga mishipa iliyobaki wazi kondo lilipobanduka.

Jambo hili si geni. Dawa hii asili yake ni kuvu anayeota kwenye nafaka ya rai. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa New York aliusifu unga wa kuvu huyo kwa kuharakisha uzazi. Haikupita miaka 20, mwenzake David Hosack akaonya kwamba watoto wanazaliwa wafu, akataka utumike kuzuia damu baada ya kujifungua tu. Leo mtu wa dukani anaturudisha kulekule! Tena dawa yenyewe hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ya kwenye kabati lako itakuwa imeshapungua nguvu.

Mkeo aeleze kliniki habari ya damu na presha, iandikwe kwenye kadi, na ajifungulie hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezewa. Huko ataanza na oksitosini yuniti 10 mara mtoto anapotoka. Damu ikizidi, kuna asidi ya traneksamiki, dawa nyingine ya kuzuia damu, ambayo hutolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua.

Nanyi wengine mnaosoma: anayewauzia sindano au mitishamba ya “kusukuma uchungu” nyumbani hana kipimo cha presha, hasikilizi mapigo ya mtoto, na mfuko ukipasuka hana chumba cha upasuaji. Uchungu ukichelewa, mpelekeni mama hospitali saa hiyohiyo.