Toa mguu kwenye pedali kwanza

Desemba moja tulikuwa na oda ya sketi 36 za shule, na Januari ilikuwa inabisha hodi. Nikiwa na simu sikioni nikamwambia kijana wetu wa kukata, "Ongeza mbili za pindo." Akajibu, "Sawa, dada."

Mimi ushonaji nimefundishwa na mama yangu, najua inchi. Yeye kasomea chuoni, anakata kwa sentimita. Tepu ya fundi inayo yote, inchi 60 upande huu, sentimita 150 upande wa pili, na kila mmoja wetu alikuwa akisoma upande wake bila mwenzake kujua. Inchi mbili ni kama sentimita tano. Yeye akaongeza mbili.

Mshonaji akakunja pindo pana kama kawaida, maana wazazi wanataka pindo la kufumua mtoto akirefuka. Sketi zikatoka fupi kwa zaidi ya inchi moja, na shule ile inataka goti lifunikwe. Tulizifumua zote 36 na kukunja upya pindo jembamba, tukalala kibandani siku mbili. Mstari wa pindo la kwanza haukutoka kwa pasi wala kwa maji. Mwaka uliofuata mteja yule hakurudi.

Hasara niliimeza. Kilichoninyima usingizi ni binti wetu wa pasi na vifungo. Sketi ya tatu tu alishaona, akailaza juu ya sampuli, akanyamaza. Nikamuuliza mbona hakusema. "Dada, ile siku ya mashati nilisema, ukaniambia nifanye kazi yangu." Mimi hata siku hiyo sikuikumbuka. Yeye alikuwa nayo neno kwa neno.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenye biashara za watu wanne watano. Kwetu, mdogo akimwambia mkubwa "sijaelewa", ni kama anamwambia hujui kueleza. Basi anasema "sawa", na ile ni sawa ya adabu. Usiipeleke kwenye mkasi.

Mteja wangu mmoja aliyefanya kazi uwanja wa ndege alinieleza kwamba rubani akipewa maelekezo na waongoza ndege, huyarudia ili wahakikishe amesikia sawasawa. Akanisimulia ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kuruka bila ruhusa, na mhandisi aliyekuwa ndani yake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuendelea. Nilimfikiria binti wetu wa pasi.

Siku hizi kwetu anayepokea kazi anairudia kwa maneno yake, na namba haitajwi peke yake: inchi mbili, mita tatu, Alhamisi saa nne asubuhi. Mwanzoni ilionekana kama mtihani, wakachukia. Ilibadilika nilipoanza mimi, kila aliponiambia mtu jambo, nikamrudishia nilivyolielewa. Mara ngapi nilikuwa nimelielewa vibaya! Hapo wakaona si mtego.

La pili ni mguu. Cherehani na ovaloki zikiunguruma pamoja, mtu anasikia nusu na nusu anaijaza mwenyewe. Akija mtu kukuambia jambo la kazi, toa mguu kwenye pedali, mtazame, mwache amalize. Mimi naweka na simu kifudifudi mezani. Haichukui hata dakika moja, na kufumua sketi moja tu kunachukua zaidi ya hapo.

Kundi la WhatsApp tunalo, ila vipimo havipiti huko. Sauti ya dakika nne hakuna anayeimaliza, na dole gumba maana yake mtu kaona tu. Vipimo vinakaa kwenye daftari.

Na asubuhi wakati wa chai, anaanza kusema mdogo kuliko wote, mimi wa mwisho. Nikitangulia mimi, wote wanakubaliana na mimi. Akileta kasoro, neno langu la kwanza ni "Nionyeshe." Hata kama amekosea, namshukuru, na sahihisho nampa pembeni, kamwe si mbele ya mteja. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa siku ya harusi ya mtu, sare 20 hazijapigwa pasi. Ulimi unataka kukimbia. Nikiteleza, narudi kuomba radhi siku hiyohiyo, maana nimeshaona neno moja linavyoweza kukaa moyoni mwa mtu.

Fundi wetu mkubwa kiumri bado hapendi kurudia maelekezo, anaona anafanywa mtoto. Sikumlazimisha. Yeye anaandika kipimo kwa chaki juu ya kitambaa, ananiita, "Njoo uone, mama." Naenda, nasoma, naitikia, ndipo mkasi unaingia.